Nguo ya baiskeli haipimwi mbele ya kioo

WATU wengi wakienda kununua nguo hufanya mambo matatu: huuliza bei, huiweka nguo kifuani, kisha hujitazama kwenye kioo. Muuzaji akiwa hodari wa maneno ataongeza, "Imekupenda hiyo, mama," na biashara ikaishia hapo. Kwa nguo ya kwendea arusini huenda utaratibu huo ukatosha. Kwa nguo ya kupandia baiskeli, hasa katika mji wenye joto kama Garissa, hautoshi hata kidogo.

Sababu ni kwamba aliyesimama mbele ya kioo si sawa na aliyeketi juu ya baiskeli. Aliyesimama amenyooka, ametulia na mwili wake ni mkavu. Aliye juu ya baiskeli ameinama, magoti yake yanapanda na kushuka maelfu ya mara kwa saa, jasho linamtiririka na upepo unampiga. Shati lililomkaa vyema dukani sasa limepanda na kumwacha mgongo wazi. Suruali iliyompendeza inamkata kwenye paja. Ushungi uliokuwa umetulia unamwingia machoni.

Hasara yake si ya fedha peke yake. Nguo isiyofaa katika joto kali yaweza kumwangusha mtu kwa ugonjwa. Nguo inayopepea yaweza kunaswa na gurudumu. Na binti asipopata vazi la stara analoweza kupandia baiskeli, basi baiskeli ya nyumbani inakuwa mali ya kaka zake tu, naye anabaki kutembea kwa miguu juani. Kwa hivyo ni vyema kila mzazi na kila mwanafunzi ajue namna ya kuipima nguo ya barabarani kabla ya kutoa pesa mfukoni.

JOTO LA GARISSA

Garissa iko kando ya Mto Tana, kiasi cha kilomita 370 kutoka Nairobi kwa barabara ya Thika na Mwingi. Nairobi imekaa juu, mita zipatazo 1,700 kutoka usawa wa bahari. Garissa iko chini, mita 150 hivi. Mwezi wa Februari na wa Machi joto la mchana hufika nyuzi 36 au 37 za Selsiasi, na hata Julai, mwezi wenye nafuu, hupita 30. Ukienda Wajir na Mandera hali haibadiliki sana: jua kali, mvua chache na vumbi jingi.

Ngozi ya binadamu huwa na joto la nyuzi 35 hivi akiwa anafanya kazi katika jua. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, upepo peke yake haumpozi mtu, bali humwongezea joto. Hapo linalobaki kumwokoa ni jasho, nalo humpoza pale tu linapokauka juu ya mwili. Lita moja ya jasho ikikauka huchukua joto linaloweza kuchemsha karibu lita saba za maji kutoka ubaridi wa mtungi. Lakini jasho linalodondoka chini halijafanya kazi yoyote. Ni maji yaliyopotea bure.

Mwendeshaji baiskeli anayejikaza katika joto anaweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa, na wengine hutoa zaidi. Basi nguo njema ni ile inayoliacha jasho likauke. Nguo mbaya ni ile inayolifungia ndani kama sufuria na kifuniko chake.

WAZEE WALIJUA NINI?

Wenyeji wa Kaskazini Mashariki hawakungoja wataalamu wa michezo wawafundishe kuvaa. Mwanamume huvaa maawisi, ambayo pwani huitwa msuli, na juu yake shati jepesi. Mwanamke huvaa dera pana la kitambaa chepesi, na mtandio juu yake. Mavazi haya yote yana jambo moja: yameachana na mwili. Kati ya nguo na ngozi kuna nafasi, na katika nafasi hiyo hewa hupita.

Jambo hili liliwahi kupimwa. Mwaka wa 1980 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti wa wataalamu waliotaka kujua kwa nini Mabedui wa jangwani huvaa kanzu nyeusi, ilhali kila mtoto wa shule anajua kwamba rangi nyeusi hunywa joto. Walimsimamisha mtu katika jua la mchana katika jangwa la Negev, mara akiwa na kanzu nyeusi, mara kanzu nyeupe, mara sare ya kijeshi, mara kaptura tu. Wakapima joto lililomfikia.

Kanzu nyeusi ilikuwa na joto zaidi kweli, lakini kwa juu. Kwa ndani, mvaaji wa nyeusi na mvaaji wa nyeupe walipata joto sawasawa. Joto lile la ziada lilichukuliwa na hewa kabla halijaifikia ngozi, kwa kuwa kanzu ilikuwa pana.

Hapo pana funzo kubwa kwa mnunuzi. Nguo ikiwa pana, rangi si hoja kubwa kwa upande wa joto. Nguo ikiwa imeshika mwili, ile nafasi ya hewa haipo, na joto la kitambaa cheusi linakwenda moja kwa moja kwenye ngozi. Anayenunua shati la kubana kwa safari za mchana achague rangi nyeupe, ya manjano au nyingine iliyo nyepesi.

KWA NINI WAENDESHAJI HUBANA?

Msomaji atauliza: ikiwa nguo pana ndiyo inayofaa joto, mbona waendeshaji baiskeli wa mashindano huvaa nguo za kubana kama ngozi ya pili?

Jibu ni kwamba mwendeshaji huzalisha upepo wake mwenyewe. Akienda kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa, hewa inampiga kwa kasi hiyo hiyo. Shati pana linageuka tanga la jahazi, linamvuta nyuma na kumchosha. Tena kitambaa kilicholegea hujikunja na kumsugua kila anapokanyaga pedali, na msuguano wa saa mbili huchubua ngozi.

Zamani waendeshaji wa Tour de France, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1903, walivaa sufu. Ilikuwa laini na ilihimili jasho, lakini ikilowa ililegea na kuning'inia. Mwaka wa 1958 mtaalamu wa kampuni ya DuPont ya Marekani, Joseph Shivers, alitengeneza uzi unaovutika na kurudi kama mpira, ndio huo unaoitwa Lycra. Uzi huo ulipochanganywa na nailoni au poliesta, kaptura ya baiskeli ikapata kushika paja bila kulikata.

Nguo hizo si ngeni tena katika Afrika Mashariki. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alijifunza mbio hizo huko Kikuyu chini ya David Kinjah. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Vijana wengi waliyaona mavazi hayo kwenye televisheni na kuyatamani.

Hata hivyo, vazi la mashindano si lazima liwe vazi la mwanafunzi wa Garissa. Anayekwenda kilomita tatu sokoni ana haja yake, na anayekwenda kilomita 60 kwa mazoezi ana yake. Wa kwanza anatosheka na shati jepesi la pamba na suruali isiyopepea miguuni. Wa pili ndiye anayehitaji nguo ya kubana. Na kuna wa tatu, ambaye kwa muda mrefu alisahauliwa na watengenezaji nguo: msichana anayetaka kucheza au kupanda baiskeli na bado ajisitiri.

FUNZO KUTOKA DADAAB

Mfano mzuri wa kumshonea msichana huyo vazi linalomfaa ulitokea katika kaunti hii hii ya Garissa, na mchezo wenyewe haukuwa baiskeli, bali voliboli.

Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa mwaka wa 1991 na 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Somalia. Wasichana wa huko walipenda voliboli, lakini walicheza wakiwa na magauni mapana na hijabu nzito. Mchezaji anaruka kuupiga mpira huku mkono mmoja umeshika ushungi. Kuvua haiwezekani, na kucheza hivyo ni taabu.

Katikati ya miaka ya 2000, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, likishirikiana na kampuni ya Nike, lilitafuta dawa ya jambo hilo. Badala ya kuletewa sare kutoka ng'ambo na kuambiwa wavae, wasichana wenyewe walihusishwa katika kuibuni. Likapatikana vazi jepesi linalofunika mwili na kichwa, nalo linamwacha mchezaji akimbie na kuruka. Wanawake wa kambini wakafundishwa kulishona.

Lenye maana hapa ni mpango uliofuatwa, kuliko jina la kampuni. Anayeivaa nguo ndiye aliyeulizwa, kwa kuwa ndiye anayejua inapomkaba, inapomvuka na inapomwaibisha. Fundi aliyeketi ofisini mbali hawezi kujua kwamba mkono ukiinuliwa kiuno kinabaki wazi. Msichana aliyeruka atamwambia mara moja.

Mambo kama hayo yamebadilisha hata sheria za michezo. Shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, lilikuwa limekataza hijabu uwanjani kwa hoja kwamba yaweza kumkaba mchezaji shingo. Mwaka wa 2012 iliruhusiwa kwa majaribio, na mwaka wa 2014 ikakubaliwa kabisa. Ilijaribiwa ikiwa kazini, ikaonekana haina madhara.

Basi na tuitumie njia hiyo hiyo nyumbani. Kuna vipimo vitatu: namna nguo inavyokaa, starehe yake, na ubora wake.

KIPIMO CHA KWANZA: INAKAAJE?

Usipime ukiwa umesimama wima. Dukani, keti juu ya kiti kisicho na egemeo, inama mbele na kunyoosha mikono kana kwamba umeshika usukani. Kaa hivyo dakika mbili nzima. Kisha uliza maswali haya.

Je, shati limefunika kiuno kwa nyuma? Shati la baiskeli hukatwa refu nyuma na fupi mbele. Ndiyo maana likivaliwa na mtu aliyesimama huonekana kama lina kasoro, na wengi huliacha kwa sababu hiyo. Shati la kawaida ni kinyume chake: linapendeza ukisimama, linakuaibisha ukiinama.

Je, mabega yanakaza? Ukinyoosha mikono, mshono wa bega usikuvute wala usikukate kwapani. Kola isikubane koo, kwa sababu shingo huinuka ili macho yaone mbele.

Je, mguu wa suruali unapepea? Upande wa kulia wa baiskeli una mnyororo, na mnyororo haumhurumii mtu. Suruali pana ifungwe kwa kamba au bendi ya mpira juu ya kifundo cha mguu.

Je, vazi refu linafikia wapi? Kwa mwanamke au binti hili ndilo swali kubwa. Buibui, jilbabu na dera vikiachwa kuning'inia vinaweza kuingia kwenye spoki, na hatari ni hiyo hiyo kwa abiria wa bodaboda. Mcheza dansi mashuhuri wa Marekani, Isadora Duncan, alifariki Nice, Ufaransa, mwaka wa 1927 baada ya mtandio wake mrefu kunaswa na gurudumu la gari alilopanda. Lililomfika yeye katika gari linaweza kumfika yeyote katika baiskeli. Dawa ni vazi linaloishia chini kidogo ya goti, lenye mpasuo pembeni, likivaliwa juu ya suruali inayobana kwenye kifundo. Stara imebaki palepale na gurudumu limenyimwa kitoweo.

Kuhusu hijabu, chagua ya kuvaa kichwani kama kofia, iliyoshonwa kwa kitambaa kinachovutika, isiyohitaji pini. Pini ni hatari mtu akianguka. Tingisha kichwa kushoto na kulia, kisha tazama nyuma juu ya bega kama unayeangalia lori. Hijabu ikikuziba jicho hata kidogo, hiyo haifai barabarani. Kofia ngumu nayo ivaliwe juu yake wakati wa kupima, kwa sababu unene wa kitambaa hubadilisha saizi.

Saizi zilizoandikwa kwenye lebo zisikudanganye. "M" ya Italia na "M" ya Marekani si ndugu. Nenda na futi ya fundi, pima kifua, kiuno na nyonga, kisha pima nguo.

KIPIMO CHA PILI: STAREHE

Nguo ikikaa vyema, swali linalofuata ni kama itavumilika baada ya saa nzima.

Anza na mishono. Igeuze nguo ndani nje, pitisha kidole juu ya kila mshono, hasa kwapani na kati ya mapaja. Ukihisi kinundu au uzi mgumu dukani, ujue barabarani kitakuwa msumari. Nguo bora za baiskeli hushonwa kwa mshono uliolala, tena hauwekwi mahali unapokalia.

Kisha jaribu maji. Dondosha tone moja kwenye kitambaa. Tone likikaa juu kama shanga, jasho nalo litakwama ndani. Likisambaa upesi na kuwa doa pana, kitambaa kitalieneza jasho na kulikausha. Halafu weka kitambaa mdomoni na kupuliza. Pumzi ikipita bila shida, upepo nao utapita.

Hapa ndipo hoja ya pamba na poliesta inapoingia. Pamba hunywa maji mengi. Katika hewa kavu ya Garissa shati la pamba lililolowa humpoza mtu, na kwa safari fupi ni zuri kabisa. Lakini kwa safari ndefu huwa zito, huganda mwilini na kusugua. Poliesta iliyofumwa kwa matundu madogo hainywi maji, hukauka upesi na kubaki nyepesi. Ila yake ni kwamba hushika harufu, hivyo yataka kufuliwa kila inapovaliwa.

Kaptura ya baiskeli ina jambo lake. Ndani, pale mtu anapokalia, huwa imeshonwa sponji iliyofunikwa kwa kitambaa laini. Zamani ilikuwa ngozi laini ya mnyama, siku hizi ni ya kiwandani. Wanunuzi wengi hudhani sponji nene ndiyo bora. Sivyo. Sponji nene na laini mno hujikusanya na kufanya mikunjo. Ibonyeze kwa kidole gumba: njema hukataa kidogo, kisha hurudi upesi mahali pake.

Na wengi hawajui kwamba kaptura ya namna hiyo huvaliwa bila chupi. Chupi ina mishono, na mishono hiyo ikikaliwa kwa saa mbili huleta vidonda. Anayeona haya kuvaa kaptura ya kubana mbele za watu na avae kaptura pana, suruali nyepesi au hata kanzu fupi juu yake. Sponji itafanya kazi yake huko huko ndani, na heshima yake itabaki.

KIPIMO CHA TATU: UBORA

Kaskazini Mashariki, kama kwingineko Kenya, nguo nyingi za michezo hununuliwa mitumba. Nyingine mpya hutoka Eastleigh, Nairobi, ambako Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni iliyogeuzwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilifungua njia ya biashara ya nguo kutoka Dubai. Kutoka huko mizigo husafiri kwa basi na lori hadi Garissa, na kuishia katika maduka na vibanda vya Suuq Mugdi.

Mchuuzi wa mitumba akifungua robota, nguo bora huitwa kamera, nazo huwahiwa mapema. Zinazobaki mwisho huitwa fagia. Kati ya hizo mbili ndimo mnunuzi mwenye macho hupata bahati yake, maadamu anajua la kutazama.

Kwanza, vuta kitambaa cha kubana kwa mikono miwili, kisha kiachie. Kikirudi mara moja, uzi wa mpira bado uko hai. Kikirudi polepole au kubaki na mawimbi, umekufa, na kaptura hiyo itateremka njiani. Ukiona vinyweleo vyeupe vimechomoza, nyuzi zimeanza kukatika.

Pili, ielekeze nguo kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako wazi kupitia kitambaa, jua nalo litapita. Hapa karibu na ikweta si jambo dogo, kwani fulana nyeupe nyembamba ya pamba haizuii vyema miale ya jua, na ikilowa huzuia kidogo zaidi. Tena ni suala la stara. Kaptura nyeusi iliyochakaa huonyesha mwili mtu anapoinama, na mwenyewe hana habari. Mwombe ndugu au rafiki akutazame nyuma ukiwa umeinama.

Tatu, kagua zipu mara tano, juu na chini. Kagua mifuko ya mgongoni kwa kuweka chupa ya maji ndani. Ikiwa shati zima linavutika hadi makalioni, mfuko huo ni pambo.

Nne, ukishafika nyumbani, mtu mzima anaweza kuchomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuchoma. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Hapo utajua kama muuzaji aliyekuapia kwamba ni pamba tupu alisema kweli.

Tano, ifue peke yake mara ya kwanza. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Nguo nyingi za rangi kali huonyesha tabia yake ndani ya beseni.

Kuna vitu viwili vya kuepuka mitumba. Kimoja ni kaptura yenye sponji, kwa kuwa imekaa juu ya ngozi ya mtu mwingine na sponji yake mara nyingi imeshabanwa ikaisha nguvu. Kingine ni kofia ngumu. Kofia iliyowahi kuanguka na mwenyewe huenda imepasuka ndani bila kuonekana nje, na kazi yake ni ya mara moja tu.

ASIYE NA PESA AFANYEJE?

Mwanafunzi anayesoma haya asikate tamaa. Nguo ya baiskeli si lazima itoke Ulaya. Fundi wa cherehani wa mtaani anaweza kuchukua fulana ya michezo ya mitumba, akaongeza kipande nyuma ili ifunike kiuno. Anaweza kupunguza mguu wa suruali, akatia mpira kwenye kifundo. Anaweza kulifupisha jilbabu na kulipasua pembeni kama ilivyoelezwa. Kinachotakiwa ni mteja ajue anachotaka. Mwendee fundi ukiwa na baiskeli, uipande mbele yake, naye aone nguo inavutwa wapi.

Asisahau pia kumwomba ashone utepe unaong'aa mgongoni na kwenye kifundo. Katika joto la Garissa mwenye busara hupanda baiskeli alfajiri au jioni, na mwezi wa Ramadhani wengi hungoja mpaka baada ya kufuturu. Saa hizo giza limeshika, barabarani kuna malori, mikokoteni ya punda na ngamia wanaovuka, na aliyevaa buibui jeusi haonekani.

Kumbuka vilevile mathenge, mti uliojaa kando za njia huko Garissa. Miiba yake hutoboa tairi na kuchana kitambaa chembamba. Anayepita njia za vichakani avae suruali ya kitambaa kilichofumwa vizuri, na kaptura ya kubana aifiche ndani.

KUITUNZA

Nguo yenye uzi wa mpira huharibiwa na vitu vitatu: maji ya moto, dawa ya kuondoa madoa, na jua la kuanikia. Ifue kwa maji baridi na sabuni kidogo, uisuuze vyema ili chumvi ya jasho na vumbi vitoke, kisha uianike kivulini ikiwa imegeuzwa. Garissa hata kivulini nguo hukauka upesi. Usiipige pasi.

Pamoja na yote hayo, nguo haishindi akili. Mwendeshaji akianza kuona kizunguzungu, kichwa kikimuuma, akihisi kichefuchefu au kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, asiendelee hata kama amevaa vazi la bingwa. Apelekwe kivulini, alegezwe nguo, amwagiwe maji mwilini na kupepewa, na akiwa amechanganyikiwa akimbizwe hospitali.

Kabla ya kukata lebo ya nguo mpya, basi, ivae nyumbani, keti juu ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani na ukanyage pedali kinyumenyume kwa dakika ishirini. Jasho likikutoka, tazama linakwenda wapi. Palipokuwasha, palipobana au palipobaki wazi ndipo patakapokutesa barabarani. Ukiwa bado una lebo na risiti, mwenye duka anaweza kukubadilishia. Mwambie na binti yako afanye hivyo hivyo, umsikilize atakachosema, kwa maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.